Barua kwa Mhariri: Chupa ya mwanga ni kazi ya paa kwanza

Ndugu Mhariri,

Kila baada ya muda magazeti hurudia habari ya chupa ya plastiki iliyojazwa maji, ikapachikwa kwenye bati na kumulika chumba cha giza mchana kutwa bila waya wala betri. Picha huwa ya kuvutia, na maelezo huishia palepale: weka maji, tia jiki, toboa bati, gundisha. Kinachokuja baadaye hakiandikwi, nacho ni mvua. Sisi tunaofanya kazi za mapaa hatusikii watu wakilalamika kwamba chupa haiangazi. Tunasikia kwamba inavuja. Mwanga ndio sehemu rahisi ya kazi hii; shughuli yenyewe iko kwenye tundu la paa, na tunaomba nafasi ndefu kidogo tulieleze.

Asili yake haina utata. Alfredo Moser, fundi makanika wa mji wa Uberaba nchini Brazili, alianza kutengeneza taa hizi mwaka 2002, kipindi ambacho umeme wa nchi hiyo ulikuwa wa kusuasua. Mwaka 2011 Illac Diaz na taasisi yake ya MyShelter Foundation huko Ufilipino waliieneza kwa jina la Liter of Light. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Meli za karne ya 19 zilikuwa na vipande vya kioo vilivyochongwa pembe na kupachikwa kwenye sitaha, ili vyumba vya chini vipate mwanga bila kuwasha moto katikati ya mbao na lami. Moser aliweka chupa ya soda ya lita 2 mahali pa kioo hicho.

Husemwa kwamba chupa moja ni sawa na balbu ya wati 40 hadi 60. Ni kweli, kwa sharti la jua kali, na hesabu yake si ngumu. Chupa ya lita 2 ina kipenyo cha takriban sentimita 11, yaani mdomo wa kupokea mwanga wa sentimita za mraba 95, sawa na mita za mraba 0.0095. Jua la utosini hutua juu ya paa kwa karibu laksi 100,000, na laksi moja ni lumeni moja (kipimo cha wingi wa mwanga) kwa kila mita ya mraba. Zidisha, utapata lumeni 950 zinazoingia. Toa zinazopotea njiani kwenye plastiki na maji, na kinachobaki kinakaribia lumeni 700 hadi 800 za balbu ya zamani ya wati 60. Wingu likitanda na mwanga wa nje ukashuka hadi laksi 10,000, chupa ileile inabaki na lumeni 95 au pungufu. Hizo bado ni mara kadhaa ya kibatari, ambacho hutoa takriban lumeni 10, ila si mwanga wa kusomea. Jua likizama, chupa nayo imezima. Maji hayaweki akiba ya mwanga, na jiki haiongezi hata chembe. Anayeambiwa atie jiki nyingi ili taa iwake zaidi anadanganywa.

Mtu anaweza kuuliza: kama ni tundu tu, kwa nini lisizibwe kwa kioo bapa? Mwanga ungeingia karibu uleule, lakini ungeshuka kama mshale mmoja na kutua sakafuni kwenye duara dogo linalounguza macho, huku pembe za chumba zikibaki gizani. Maji hupinda miale inapoingia na inapotoka. Miale inayoingia kwa juu wakati jua limeshapanda kiasi cha nyuzi 30 kutoka upeo hugonga ubavu wa chupa kwa ndani, ikarudishwa, ikateremka hadi kitako. Kitako cha chupa ya soda kina vile vifundo 5 vya kusimamia, navyo huitawanya miale kila upande. Chupa tupu haifanyi hivyo, na chupa iliyopungua maji hadi nusu hufanya nusunusu.

Hapo ndipo kinapotoka kipimo cha kuacha theluthi moja ya chupa juu ya paa na theluthi mbili chini. Jua la asubuhi na la jioni huingia kwa ubavu. Likiwa kwenye nyuzi 30, mwale unaovuka ndani ya chupa yenye kipenyo cha sentimita 11 huteremka sentimita 4 na kitu tu kabla ya kutokea upande wa pili. Ulioingilia juu zaidi ya hapo hutokea palepale nje, na chumba hakipati kitu. Kuichomoza chupa nusu nzima juu ya bati, kwa hiyo, ni kuipa upepo na jua sehemu kubwa ya kuchezea bila faida yoyote ndani.

Sasa idadi. Ukichukulia lumeni 700 zinazosambaa kuelekea chini, meza iliyo mita 1 chini ya chupa hupata kama laksi 110 moja kwa moja. Iliyo mita 2 chini hupata chini ya 30. Kusoma kwa raha kunataka laksi 300 hivi. Kwa chumba cha mita 3 kwa 3 weka chupa 2 au 3, na usizipange kwa ulinganifu wa kupendeza. Ziweke juu ya pale panapofanyika kazi. Na kabla hujagusa bati, paka kuta. Chokaa safi hurudisha takriban asilimia 80 ya mwanga unaoigonga, udongo mtupu asilimia 20 hadi 30, na ukuta wenye masizi haufiki 10. Tofauti hiyo huongezeka kila mwale unaporudi ukutani mara ya pili na ya tatu. Huenda chumba cheusi kilichohitaji chupa 3 kikatosheka na moja kikipakwa chokaa, na ndoo ya chokaa haijawahi kuvujisha paa la mtu.

Wapo wanaopendelea bati la plastiki linalopitisha mwanga. Ni chaguo zuri kwa ghala au banda, lakini pigeni hesabu ya joto. Jua la mchana huleta karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Bati la namna hiyo la mita 1 ya mraba likipitisha nusu, umeingiza wati 500 za joto ndani. Mdomo wa chupa hupokea wati 10 hivi. Chumba cha kulala chenye paa la chini hakitaki zaidi ya hapo.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Chagua chupa ya soda, nyeupe isiyo na rangi. Chupa ya maji ya kunywa ni nyembamba, inabonyea na kupasuka mapema; chupa ya soda imetengenezwa kuhimili msukumo wa gesi. Toa karatasi yote, na gundi yake isugue kwa mafuta ya kupikia kisha uoshe kwa sabuni. Tia maji yaliyochujwa au kuchemshwa na kupoa, pamoja na jiki vifuniko 2 vya chupa hiyohiyo, kiasi cha mililita 10. Kazi ya jiki ni kuua mbegu za ukijani mwanzoni. Jua huivunja taratibu, kwa hiyo kinachoyaweka maji safi mwaka wa pili ni kifuniko kilichokaza na maji yasiyo na uchafu tangu mwanzo. Usijaze hadi mdomoni. Maji yakitoka nyuzi 20 hadi 50 za selsiasi hupanuka kwa takriban asilimia 1, yaani mililita 20 kwa lita 2, hivyo acha nafasi ya mililita 30 chini ya kifuniko. Penye baridi ya kugandisha chupa hii haifai kabisa, kwa sababu barafu hupanuka kwa asilimia 9 na kuipasua.

Kola ni kipande cha bati kinachoishika chupa na kukaa juu ya bati la paa. Ikate sentimita 30 kwa 30, na iwe ya bati lenye migongo ileile ya paa lako. Kipande bapa juu ya bati la migongo huacha mapengo ambayo hakuna gundi itakayoyaziba kwa muda mrefu. Katikati chora duara mbili, ya ndani kipenyo cha sentimita 10 na ya nje 12. Kata ya ndani kwa mkasi wa bati, kisha pasua vijimeno vya sentimita 1 kutoka tundu hadi duara ya nje, kila baada ya sentimita 1.5 au 2. Vikunje vyote kwenda juu. Vijimeno hivyo ndivyo vinavyoikumbatia chupa na kuifanyia silikoni ukuta wa kushikia. Vikikunjwa kwenda chini, maji ya mvua yanapata kikombe cha kutulia kuizunguka chupa. Sugua bati kwa msasa, na chupa pia, ila kwenye mkanda ule tu utakaopakwa; sehemu nyingine ikikwaruzwa inapoteza mwanga.

Sasa silikoni, na hapa tutakaa kidogo. Iko inayonuka siki na iko isiyonuka. Ile ya siki hutoa asidi inapokauka, nayo hula zinki ya bati. Baada ya misimu michache unakuta kutu imeanzia chini ya gundi yenyewe, na gundi imebanduka pamoja na ganda la kutu. Kwa bati tumia isiyo na asidi. La pili ni unene. Bati la paa linaweza kuwa nyuzi 20 alfajiri na likapita 60 mchana. Plastiki ya chupa hutanuka kwa joto takriban mara 5 zaidi ya chuma. Kwenye kipenyo cha sentimita 11, mabadiliko ya nyuzi 40 yanaisogeza chupa dhidi ya kola kwa kiasi cha milimita 0.2, huku na kule, kila siku ya jua. Ni kidogo, lakini saruji haiwezi kukivumilia, na lami iliyokauka haiwezi. Silikoni inaweza, mradi iwe na unene wa kunyumbuka. Fundi anayeipaka kisha akaikamua kwa kidole mpaka ibaki kama ngozi ya kitunguu ameiondolea kile kilichokuwa kikiifanya inyumbuke. Acha milimita 3 hadi 5 kati ya chupa na vijimeno, izungushe bila kukatika, halafu laini kwa juu ili iteremke kama bega na maji yasitulie. Rudia upande wa chini wa kola. Iweke kivulini saa 24 kabla ya kuigusa; mkanda mnene hukauka milimita 2 au 3 tu kwa siku, hivyo kwa unene huo siku 2 ni bora.

Kabla ya kuipandisha, funga waya mwembamba kwenye shingo ya chupa, chini ya ile pete ya kifuniko, na uache mikia miwili ya kufungia kwenye kola. Chupa iliyojaa ina uzito wa zaidi ya kilo 2. Gundi ikichoka siku moja, waya utaizuia isimwangukie aliye chini.

Mahali pa kutoboa hupatikana kwa kuanzia ndani. Tazama zilipo papi na kenchi, yaani mbao zinazobeba bati, chagua nafasi kati yake, kisha pigilia msumari mdogo kutoka chini kwenda juu kwenye mgongo wa bati. Ukipanda utaiona ncha. Kwenye paa kanyaga palipo na mistari ya misumari tu, maana hapo ndipo mbao zilipo. Usipande bati likiwa limelowa, na usipande peke yako. Kama inawezekana, tundu liwe karibu na kilele cha paa. Huko maji yanayopita ni kidogo, na ukiikata kola ndefu zaidi unaweza kuingiza ukingo wake wa juu chini ya kofia ya paa, lile bati linalofunika kilele. Kola iliyoingia chini ya kofia haina ukingo wa juu wa kuvujia. Chini karibu na mfereji wa paa, kila tone lililonyesha juu litapita hapo.

Tundu la bati la paa liwe sentimita 13, ili chupa isiguse ukingo mkali. Paka mzingo kamili wa silikoni kuzunguka tundu, sentimita 2 kutoka ukingoni. Kisha paka mstari wa pili chini ya kingo za kola: ule wa juu na mbili za pembeni. Ukingo wa chini usiupake. Hili huwashangaza wengi, lakini maji yakipenya siku moja lazima yawe na njia ya kutokea. Kola iliyozibwa pande zote nne huyafungia ndani, yakaozesha bati na kutafuta tundu. Teremsha chupa, kandamiza kola, ifunge kwa riveti au skrubu zenye mpira 8 hadi 10, zote kwenye migongo. Skrubu kwenye mfereji wa bati, yaani bonde la kati ya mgongo na mgongo, ni tundu jipya njiani mwa maji. Kifuniko cha chupa kivalishe kipande cha mpira au kopo dogo la bati, kwa kuwa jua hukipasua kabla halijaishinda chupa.

Silikoni ikishakauka, jaribu kwa maji huku mtu mmoja akiwa ndani. Anza kumwaga kwenye mteremko ulio chini ya kola, subiri dakika chache, panda pembeni, malizia juu yake. Ukimwaga juu moja kwa moja na ikavuja, hutajua ni ukingo upi. Na tahadhari moja: alfajiri bati baridi hutoa umande kwa ndani, matone yakakusanyika kwenye chupa na kudondoka. Tone la alfajiri kavu ni mvuke wa pumzi na kupika. Tone la wakati wa mvua ndilo la kufuatilia.

Ziko nyumba ambazo hazifai kutobolewa. Ya kwanza ni yenye paa la asbesto, yale mabamba mazito ya kijivu ya saruji kwenye majengo ya zamani. Usikate, usitoboe, usisugue, hata kwa tundu la msumari. Vumbi lake lina nyuzi zinazobaki mapafuni na kuleta saratani miaka mingi baadaye. Tungependa gazeti liliandike hili kwa herufi nzito kila linapochapisha picha ya chupa. Ya pili ni paa la nyasi au makuti. Chupa ya maji hukusanya jua kama lenzi, na miale hukutana takriban sentimita 5 au 6 kutoka ubavuni mwake. Hapo jani kavu halitakiwi.

Ya tatu ni nyumba yenye dari. Chupa itamulika popo. Kinachofaa ni bomba la mwanga: kuba la plastiki angavu juu ya paa, bomba linalong'aa kwa ndani hadi darini, na bamba la kutawanya mwanga upande wa chini. Bomba la kipenyo cha sentimita 25 lina mdomo wa zaidi ya chupa 5. Uzuri wake uko kwenye mng'ao wa ndani. Bati la alumini la kawaida hurudisha asilimia 85 hivi, na mwanga ukigonga mara 5 unabaki na asilimia 44. Utando maalumu wa asilimia 98 unabakisha 90. Bomba liwe fupi, lisiwe na kona, na lizibwe juu na chini, la sivyo wadudu na vumbi wataumaliza mng'ao huo mapema. Kwa vyumba visivyo na ukuta wa nje hakuna njia nyingine ya maana. Vyenye ukuta wa nje vianze na dirisha: mwanga wake huingia ndani kwa umbali wa mara 2 hadi 2.5 ya urefu wa ukingo wake wa juu kutoka sakafuni, hivyo dirisha lililopandishwa hushinda lililotanuliwa.

Matunzo ni machache. Futa vumbi baada ya kiangazi. Maji yakigeuka kijani, tafuta ufa wa kifuniko kwanza. Kubadilisha maji bila kubadilisha kifuniko ni kurudia kazi. Chupa ikianza kuwa ya manjano na kutoa sauti ya kukatika ukiibonyeza, imechoka. Wanaozifunga huzungumzia miaka 5 hivi, pungufu penye jua kali zaidi. Badilisha chupa pamoja na kola yake kwa kufyatua riveti, maana kuchokonoa silikoni ya zamani huharibu vijimeno. Na siku ile ya kwanza unapokata kola, kata na kipande kingine cha ukubwa huohuo kisicho na tundu, ukiweke ndani: chupa ikipasuka katikati ya msimu wa mvua, kipande hicho na riveti 8 vinafunga paa mchana huohuo.

Sisi mafundi wa mapaa, wasomaji wenu.